Spika za Siku Hizi Zinanong'ona

9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hapa kwetu wazima, ukimtoa baba mtoto, ambaye alibeba kabati peke yake baada ya kukatazwa na watu wawili, na sasa amelala chali sebuleni akitoa amri. Mtoto ameota meno mawili ya juu na anamwonyesha kila anayebisha hodi, hata aliyekuja kusoma mita ya maji. Mwambie Mzee namsalimu sana, na kwamba bado nakumbuka alivyoniibia kwenye karata.

Kazini kwema. Duka la miwani halikosi vituko. Juzi alikuja baba mmoja ameshika gazeti kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho, akaniapia kwamba macho yake hayana shida hata kidogo, ila magazeti ya siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu. Nilimpima, nikamvalisha vioo vya majaribio. Akasoma ukurasa mzima amesimama, kisha akanung'unika kwamba kumbe wameanza kutia wino mzuri.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Simu yangu imekufa. Nimeenda duka la simu, kijana wa pale akanimwagia maneno mpaka nikatoka nimeshika kichwa: hii ina kamera nne, hii ina kamera tano, hii inakunjika. Nilitaka kukuuliza papo hapo kwa simu ya jirani. Ukapokea, ukasema "halo, halo, mtandao mbovu", ukakata. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Basi nimerudi kwenye sheria yako, kwamba simu ni ya kuulizana nani amefika na nani hajafika, na mambo ya maana yaandikwe. Fundi wa ukoo ni wewe. Ninunue ipi?

Wako,
Binti wa kaka yako

24 Machi

Bibi Miwani,

Marahaba, mwanangu. Mpe pole huyo mbeba makabati, na umwambie mgongo hauna spea. Sisi tupo. Mzee wako amestaafu kazi lakini hajastaafu kunifuata nyuma kutwa nzima, na sasa ameanza tabia ya kuzungumza chini ya masharubu. Namuuliza chai iko wapi, ananijibu mng'umng'um. Nimemwambia afungue kinywa kama alivyokifungua siku ile ya kuja kuniposa.

Haya, simu. Usinunue kwa kuhesabu kamera, wewe si mpiga picha wa harusi. Ishike kwa mkono mmoja pale pale dukani, upeleke kidole gumba kutoka pembe hii mpaka ile. Kama hakifiki, hiyo si simu, ni sinia. Halafu muulize muuzaji: kioo chake na betri yake ninavipata wapi vikiharibika? Akikwambia "hii haiharibiki, mama", toka nje. Kila kitu huharibika, ndiyo maana mimi nina kazi. Chukua yenye nafasi kubwa ya kuhifadhi, kwa kuwa najua utapiga picha mia za jino moja. Ikiwa umeangukia iliyotumika, iweke mezani kifudifudi. Ikiyumba, au kioo kimeinuka pembeni, betri imevimba, usiipeleke nyumbani penye mtoto. Irekodi sauti yako na uisikilize, ipigie mtu, izime uiwashe tena ukiwa umesimama hapo hapo, na muuzaji akikuharakisha ujue anajua kitu. Na chaja nunua nzuri. Watu wananiletea simu za kifahari zilizouawa na chaja za kuokoteza, wananilaumu mimi. Usiichaji chini ya mto. Neno la siri lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, ukoo mzima tunaijua.

Jambo moja tu sikupi matumaini: sauti. Utanunua simu yoyote utakayo, spika za siku hizi zinanong'ona. Wameua sauti nyembamba zote, zile za juu, zinabaki za chini tu zinavuma. Kila redio inayoingia karakana nalazimika kuifungua na kuipandisha zile za juu mpaka mwisho ndipo isikike sawasawa. Viwanda havijui kazi tena. Kwa hiyo nimekutengenezea spika ya mezani kwa mikono yangu, nimeiweka sawa kwa sikio langu mwenyewe, itakufikia na dereva wa lori la mbao anayekuja huko kwenu. Iunganishe na hiyo simu mpya ndipo utajua muziki ni nini.

Nakimbia. Mwezi ujao kuna mahafali ya shule, na mashine za sauti za ukumbini ni zangu kama kila mwaka. Mwalimu Mkuu amekuja mwenyewe kuniona.

Shangazi yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo wa hapa nyumbani unaendelea vizuri, mwenyewe anaendelea kulalamika. Mtoto amejifunza kusema "hapana" na hatumii neno lingine lolote.

Simu nimenunua kwa ushauri wako neno kwa neno. Nilipoanza kupeleka kidole gumba huku na huku, kijana wa dukani akaniuliza kama nina tatizo la mkono. Nilipomuuliza kioo chake kinapatikana wapi kikivunjika, akaniita bosi wake. Nilipoilaza kifudifudi wakaanza kuniita mama mkaguzi. Lakini nimepata kitu kizuri, kinakaa na chaji mpaka kesho yake jioni, na chaja niliyonunua hata muuzaji aliisifu.

Spika nayo imefika salama. Dereva wa mbao aliibeba kwenye mapaja. Sanduku lake umelipiga rangi nzuri mno, tumeliweka juu ya kabati lile lile lililomvunja mtu mgongo, na kila tukiiwasha tunakukumbuka.

Mahafali yalikwendaje? Niambie yote, nani alihutubia na nani alilia. Mzee alivaa ile suti?

Wako,
Binti wa kaka yako

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, kazi. Sisi wazima. Paa la karakana limevuja pembeni, tumeziba. Mzee suti aliivaa, ikamkataa kwenye kifungo cha tumbo, akaenda na koti wazi akisema ndiyo mtindo. Mahafali yalikwenda.

Uliposema simu inakaa na chaji mpaka kesho yake jioni nilifurahi, lakini usiiache ishuke mpaka izimike yenyewe kila siku, betri haipendi kufa njaa. Na najua hujaniuliza, ila nakwambia: ukinunua hedifoni, nunua zinazofunika sikio zima, uzisikilize kwa sauti ya chini. Watoto wa mtaani hapa wanazichomeka ndani mpaka kwenye ubongo, wanafungulia mpaka mimi niliye kando nasikia ngoma. Watakuwa viziwi kabla hawajaoa.

Wateja wamekuwa na masikio laini siku hizi. Mtu analeta redio haitoi sauti, unaitengeneza inatoa sauti, anarudi analalamika kwamba inatoa sauti. Mama wa duka la vitambaa amenirudishia yake mara mbili. Nimemwambia akitaka kinong'onacho aende kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Amekwenda.

Kusema kweli nafikiria kupumzika. Kuna mtu anakitaka chumba cha karakana aweke saluni, na vifaa vyangu vinaweza kupata mnunuzi. Nimesimama kwenye lile benchi tangu wewe hujazaliwa, si vibaya mtu kukaa chini akanywa chai. Usianze kuniandikia kurasa kumi za kunibembeleza.

Mzee anaipeleka hii posta sasa hivi.

Shangazi yako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Binti, mahafali hayakwenda. Watu waliziba masikio kwa karatasi za ratiba ya sherehe, na mgeni wa heshima akaomba kuhutubia bila kipaza sauti. Ukumbi wamempa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hataki mtu ajue. Na mimi sizungumzi chini ya masharubu, nazungumza nilivyozungumza siku zote. Fanya kitu. Mzee.

15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto mzima, mgongo mzima. Habari za nyumbani leo zinaishia hapo, kwa sababu nikianza kuzungukazunguka nitakosa ujasiri.

Ile spika hatuiwashi. Niliandika kwamba kila tukiiwasha tunakukumbuka, na si uongo, tuliiwasha mara moja tukakukumbuka. Ilitoa sauti ya bati linaloburutwa kwenye saruji. Mtoto alilia. Baba mtoto alikurupuka na mgongo wake mbovu kwenda kuizima, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alisimama bila kushikwa mkono. Nilidhani imeharibika njiani. Nikaifungua, nikaiangalia jinsi ulivyonifundisha, kila waya uko mahali pake na solda yako inang'aa. Haijaharibika. Umeiweka hivyo makusudi, kwa sikio lako.

Nikazitoa barua zako nikazisoma tena. Mzee ananung'unika. Simu zote mtandao mbovu, hasa nikipiga mimi, na mimi nina sauti nyembamba, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniita filimbi. Viwanda vyote duniani vimesahau sauti za juu kwa wakati mmoja. Shangazi, nakaa kwenye duka la miwani kutwa nzima nawasikiliza watu wakinieleza jinsi wino ulivyofifia. Wino ni ule ule. Na spika ni zile zile.

Naogopa ninavyoandika haya. Najua utanuna, na ukinuna hakuna anayekuweza. Lakini wewe ndiye uliyenipa bisibisi mkononi kabla mama hajanipa sindano, na sitaki benchi lile liwekwe vioo vya saluni kwa sababu ya kitu kinachopimika kwa asubuhi moja. Nimeambiwa kuhusu ukumbi. Usimgombeze aliyeniambia.

Ghorofa ya juu ya duka letu yupo mpima masikio, tunapanda ngazi moja. Nilimuuliza bila kukutaja. Anasema kwanza mtu apimwe, maana huenda ni nta tu imeziba ndani, inatolewa mtu anarudi nyumbani. Kama si nta, kuna vifaa vya kuvaa sikioni, vinapangwa kwa kila mtu kivyake. Hata huko kwenu wapo wanaopima, hospitali ile kubwa. Nenda ukapimwe. Kama nimekosea, nitakuja mwenyewe kukuomba radhi mbele ya wateja wako wote.

Nakupenda, na uninunie taratibu.

Binti wa kaka yako

20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ilifika? Nimempigia Mzee, akasema wewe ni mzima, unakula vizuri, na umevaa kitu kichwani. Nikamuuliza kitu gani, akasema hawezi kukieleza, kisha akakata simu haraka. Sasa silali.

Filimbi yako

11 Agosti

Filimbi,

Marahaba. Barua yako ilifika. Nilikununia. Nakwambia wazi usije ukadhani posta ndiyo iliyochelewa. Mzee nilimhoji kuhusu nyuma ya ile karatasi, akakiri hata kabla sijamaliza swali. Tukakaa mezani wiki nzima tunapitishiana chumvi kwa macho.

Mimi si mtu wa gazeti na wino. Mimi ni fundi. Nikajiambia, kama kweli kuna kasoro, basi ni kasoro ya mtambo, na mtambo hautengenezwi na mtu mwingine wakati mimi nipo. Nikachukua kipaza sauti kidogo cha simu iliyokufa, amplifaya ndogo ya kukuza sauti, betri, na zile hedifoni kubwa za kufunika sikio zima. Nikafunga vyote kwenye kisanduku, nikakivaa shingoni. Mzee akasema nimekuwa rubani. Aliyasema hayo yuko jikoni, mimi niko sebuleni, nikayasikia! Nikajua nimekwisha kukushinda, nikatoka kwenda sokoni nikatembee na ushindi wangu.

Sikufika hata kwenye kona. Muuza magodoro mmoja akapiga honi ya pikipiki nyuma yangu, na kilichofuata sikijui, ila nilijikuta nimekumbatia nguzo ya umeme huku watu wakiniuliza kama nimeona nyoka. Sikio la kushoto lilipiga mluzi mpaka usiku. Nikarudi nyumbani kwa kupitia uchochoro.

Ningelisema kisanduku ni kibovu, yakaisha. Lakini kabla ya honi nilisimama na mama wa vitambaa. Alikuwa ananieleza kitu. Sauti yake iliingia kubwa, nene, imejaa hedifoni nzima, na neno hata moja sikulishika. Nikapandisha, ikawa nene zaidi. Nikabaki natikisa kichwa na kutabasamu, na yeye akanitazama kwa huruma. Huruma! Mama wa vitambaa!

Sasa nijibu kama fundi anavyomjibu fundi, usiniletee mambo ya kunibembeleza. Sauti ilikuwa kubwa ya kutosha. Kwa nini sikuelewa maneno?

Shangazi yako

22 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma, halafu nikaona huruma, halafu nikamsomea mwenzangu tukacheka tena. Sisi wazima.

Jibu ni hili. Sikio lako halijapunguza sauti zote, limepoteza upande mmoja. Zile nzito unazisikia kuliko mimi. Nyembamba ndizo zilizoondoka, na huko ndiko maneno yanakochongeka mtu akasikika amesema sasa na si tata. Kisanduku chako kilikuza kila kitu kwa pamoja, ukapewa zaidi kile ambacho tayari unacho. Mimi mteja akinijia haoni karibu, simpi kioo cha kukuzia vitu atembee nacho barabarani. Nampima, nakata kioo chake. Vile vikuza sauti vinavyouzwa mitaani navyo ni kisanduku chako tu, kimepakwa rangi nzuri. Usivinunue.

Kapimwe. Wakikupa vifaa, chukua vya masikio yote mawili kama wamesema yote mawili, usijifanye mbahili. Usianze navyo karakana wala sokoni. Anza nyumbani, chumba kimya, saa chache, na Mzee akusomee gazeti. Mwanzo kila kitu kitakuudhi, usivitupe, rudi wakupangie tena, na tena. Vua ukioga na ukilala. Vifute kwa kitambaa kikavu. Na nakuomba kwa magoti, Shangazi, usivifungue kwa bisibisi.

Filimbi

17 Novemba

Mwanangu Filimbi,

Marahaba, tena marahaba ya kelele. Sisi wazima, paa halivuji, na Mzee hanung'uniki. Hajawahi kunung'unika, masikini. Nimemwomba radhi kwa chai ya kumpelekea kitandani, na sasa amenogewa anaidai kila asubuhi.

Nilikwenda. Waliniingiza kwenye kijumba kisicho na mwangwi, wakanivika hedifoni, wakanipa kitufe: nikisikia sauti, nibonyeze. Unanijua, sipendi kushindwa mtihani. Nilipoona kimya kimezidi nikaanza kubonyeza kwa kukisia. Yule mpimaji, mwanamke mdogo kuliko wewe, akafungua mlango akasema, "Mama, hapo sijakupigia sauti yoyote. Nilikuwa nakunywa maji." Basi nikaacha ujanja. Nta haikuwepo. Ni masikio yenyewe, yote mawili, na zile za juu zimekwenda zake.

Vifaa vinakaa nyuma ya sikio, vidogo, kilemba kinavifunika ukitaka. Siku za mwanzo zilikuwa adhabu. Karatasi inapasua kichwa, maji ya bomba yanapiga makofi, sauti yangu mwenyewe imekuwa ya mtu mkali nisiyempenda. Nilivivua nikavitazama, na bisibisi ndogo ilikuwa pale pale mezani. Sikuvifungua. Nimeandika hilo ili unisifu. Nilirudi kwa mpimaji mara kadhaa, akapunguza huku, akaongeza kule, mpaka siku moja Mzee akaniambia jambo kwa sauti ya kawaida akiwa amenipa mgongo, nikamjibu, tukaendelea kuzungumza mpaka wote wawili tukashtuka.

Ndipo nikaenda karakana, nikawasha redio yangu ya benchi, ile niliyoiweka sawa kwa sikio langu. Mwanangu! Niliizima kabla hata sijavuta pumzi. Bati na saruji, kama ulivyosema. Nikakaa kwenye kigoda. Nikazipitisha akilini nyumba zote zilizo na kazi ya mikono yangu, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nianze kushika solda. Nililia kidogo, nakwambia wewe tu.

Halafu nikajifuta uso nikachukua kibao, nikaandika kwa rangi nyekundu: FUNDI ANA MASIKIO MAPYA. SPIKA ZOTE NILIZOTENGENEZA ZIRUDISHWE, BURE. Nikakitundika mlangoni. Mtu wa saluni alikuja kutazama chumba, akakisoma, nikamwambia atafute kwingine.

Wakaja. Siku ya kwanza wachache, baadaye foleni ikafika kwa muuza mkaa. Nikafungua ya kwanza. Mbele ya spika ndogo, ile ya sauti za juu, kuna kipande cha blanketi kimebandikwa kwa gundi. Nikadhani ni mtoto amecheza. Nikafungua ya pili: pamba, imefungwa vizuri na uzi. Ya tatu ina soksi. Ya mama wa vitambaa ina pindo la hariri limeshonwa kwa mkono, kazi safi, ungelipenda. Kila moja, Filimbi. Watu walikuwa wananiletea redio, nawarudishia jinamizi, wananishukuru, wanakwenda nyumbani kuziba. Na ikiharibika kitu kingine, wanatoa matambara yao kwanza ndipo wananiletea, nisije nikaona; safari hii wameyaacha humo, kwa kuwa kibao kimeshasema yote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Yule wa soksi nilimuuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake akasema, "Sasa Fundi, mtu angeanzia wapi?"

Foleni nayo bado haijazoea. Wanazungumza kuhusu mimi hapo hapo mlangoni kwa sauti zao za kawaida, kama walivyozoea miaka hii yote. Nimesikia kwamba ni mbishi, kwamba kilemba changu hakifanani na gauni, na kwamba siku niliposema nataka kufunga karakana muuza mkaa alishindwa kula. Sikuinua kichwa. Niliendelea na solda yangu.

Nilivuka barabara pia. Nilimwomba yule fundi mwenzangu anipeleke ukumbini nikasikilize kazi yake. Ni nzuri, za juu amezipanga vizuri sana, lakini za chini zinavuma mpaka viti vinatetemeka, na yeye hazisikii kwa kuwa ni kijana, anapenda ngoma. Nikamwambia yote mawili. Akakuna kidevu, akasema atamwambia Mwalimu Mkuu kwamba kazi ile inataka masikio yetu wote wawili.

Matambara yote nimeyafua. Nimeyaanika kwenye kamba mbele ya karakana, kila mmoja achukue lake. Hakuna aliyetaka kuonekana akichukua. Walikuwa wanapita wanatazama pembeni, halafu mmoja akacheka, na kicheko kikapita foleni nzima. Leo asubuhi akaja Mwalimu Mkuu mwenyewe, ambaye redio ya ofisini kwake niliitengeneza mwaka jana. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kamba, akaanua leso nyeupe, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akaingia, akaniinamia mpaka mdomo wake ukawa karibu na kilemba, jinsi alivyozoea, akapaza sauti ambayo hata muuza mkaa aligeuka: "FUNDI! JUMAMOSI UNA NAFASI YA KUJA UKUMBINI?"

Nikaweka solda chini. Nikamwambia, "Mwalimu, punguza sauti."

Shangazi yako